Ndoto ya hoteli ufuoni Zanzibar yakwama kwenye ardhi

Jina la mtaa wa Mwihoko, ulioko Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, lina maana ya tumaini kwa lugha ya Gikuyu. Ni jina linaloufaa mtaa huo. Wengi waliojenga huko walianza kwa kununua kipande kidogo cha ardhi, wakakizungushia ua wa mabati, kisha wakapandisha ghorofa moja baada ya nyingine kadiri mfuko ulivyoruhusu. Leo hii, anayeshuka matatu Githurai na kuelekea Mwihoko hupita katikati ya nyumba za kupangisha zilizosongamana, maduka ya vifaa vya ujenzi na bodaboda zinazogombania njia. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu takriban watu 490,000 katika mji wa Ruiru, na tangu hapo ujenzi haujatulia.

Katika msongamano huo, si ajabu kumsikia mtu anayekaribia kustaafu, au mfanyabiashara aliyechoshwa na foleni za magari na wapangaji wasiolipa, akisema kwamba angependa kuuza alicho nacho aende akafungue hoteli ndogo ufuoni mwa bahari. Hoteli anayoizungumzia si mkahawa wa chai na chapati, bali nyumba ya wageni yenye vyumba sita au vinane, paa la makuti na baraza linalotazama maji. Na bahari anayoiwazia aghalabu si ya Diani wala ya Malindi, bali ni ile ya ng'ambo ya mpaka, katika kisiwa cha Unguja, kwenye vijiji kama Nungwi, Paje na Jambiani.

Ndoto hiyo haikosi msingi. Zanzibar ilipokea wageni 736,755 mwaka wa 2024, idadi kubwa mno kwa visiwa ambavyo sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wake kuwa takriban milioni 1.89. Katika mwaka huo huo Kenya nzima, pamoja na mbuga zake na pwani yake, ilipokea wageni wapatao milioni 2.4 kutoka nje. Mkenya haitaji viza kuingia Tanzania, ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Unguja zipo, na lugha ya kuzungumza na fundi, mvuvi au afisa wa serikali ni Kiswahili. Zaidi ya hayo, kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo imekuwa ikiwaambia wananchi wake kwa zaidi ya miaka 20 kwamba eneo hili ni soko moja.

Hata hivyo, ndoto hiyo ina ufa ambao wengi hawauoni mpaka wawe wameshauza ploti na kuvuka mpaka. Jumuiya imefungua mlango wa biashara, lakini ardhi ambayo biashara hiyo inapaswa kusimama juu yake imebaki nje ya mlango huo. Hoteli si duka la kukodi chumba kimoja mjini. Hoteli ya ufuoni ni ardhi kwanza, jengo baadaye, na mgeni mwisho.

Mkataba ulichotoa na ulichokiacha

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilitiwa saini jijini Arusha Novemba 20, 2009 na ikaanza kutumika Julai 1, 2010. Kifungu cha 13 cha itifaki hiyo kinampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha na kuendesha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine mwanachama bila kubaguliwa kwa misingi ya uraia. Kifungu cha 14 kinazungumzia haki ya ukaazi. Msomaji anayeishia hapo ana kila sababu ya kufurahi.

Lakini kifungu kinachofuata, cha 15, kinasema kwamba kupata na kutumia ardhi na majengo kutaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kwa maneno mengine, viongozi waliotia saini walikubaliana kuhusu mtu na biashara yake, kisha wakaiacha ardhi mikononi mwa kila taifa. Hawakufanya hivyo kwa kusahau. Tanzania ilikuwa na hofu ya muda mrefu kuwa majirani wenye uhaba wa ardhi wangemiminika huko, na suala hilo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyochelewesha mazungumzo. Kifungu cha 15 ndicho kilichokuwa bei ya kupata saini.

Matokeo yake ni kwamba raia wa Kenya anaweza kuwa na haki ya kuendesha hoteli Tanzania kwa mujibu wa ukurasa mmoja wa mkataba, na wakati huo huo asiwe na haki ya kumiliki ardhi ya kuijenga kwa mujibu wa ukurasa unaofuata.

Nchi moja, sheria mbili

Mambo huwa magumu zaidi kwa sababu Tanzania yenyewe ina sheria mbili za ardhi. Kwa upande wa Tanzania Bara, yaani Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kigamboni na kisiwa cha Mafia, ardhi yote ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais. Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu mtu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hata hapo hupitia mamlaka ya uwekezaji, ambayo humpa haki inayotokana na ile iliyosajiliwa kwa jina la mamlaka yenyewe. Kampuni ambayo hisa zake nyingi zinamilikiwa na wageni nayo huhesabiwa kuwa mgeni.

Sheria ya uwekezaji ya mwaka wa 2022 iliweka kiwango cha chini cha mtaji kwa mradi wa mgeni anayetaka kusajiliwa na kupata vivutio kuwa dola 500,000 za Marekani, huku mradi wa raia ukitakiwa kufikisha dola 50,000. Mnamo 2025 kituo cha uwekezaji kilichokuwa kikisimamia sheria hiyo kiliunganishwa na mamlaka ya maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje, ikazaliwa taasisi mpya iitwayo TISEZA. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha karibu Sh129 kwa dola, dola 500,000 ni zaidi ya Sh64 milioni za Kenya. Ni wachache mno katika Mwihoko wanaoweza kuuza ploti na nyumba ya kupangisha wakabaki na fedha hizo mkononi. Sheria iliwekwa kwa ajili ya mwekezaji wa hoteli ya vyumba 100. Haikumfikiria mwalimu mstaafu mwenye vyumba vinane.

Zanzibar nayo ina njia yake. Ardhi si jambo la Muungano, hivyo sheria za Dodoma hazihusiki. Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ya visiwani ilitaifishwa na sehemu yake kugawiwa wananchi kwa utaratibu uliojulikana kama eka tatu. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inampa Mzanzibari pekee haki ya kumiliki ardhi. Mgeni hukodishwa ardhi kwa muda maalumu na serikali, kwa ajili ya mradi ulioidhinishwa, na mamlaka ya uwekezaji ya huko, ZIPA, ndiyo mlango wa kupitia.

Hapa ndipo Mkenya wengi wao huchanganyikiwa. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kwa hivyo kibali chake cha ukaazi hutolewa na idara inayohudumia nchi nzima. Ardhi na leseni ya biashara ni mambo ya Zanzibar. Kijijini kuna sheha, ambaye ndiye kiongozi wa serikali aliye karibu na wananchi, na ambaye bila ushirikiano wake ni vigumu mgeni kutambuliwa. Anayedhani kwamba karatasi moja kutoka ofisi moja imemaliza kazi, huja kugundua kuwa amefungua lango la nje tu, na milango ya ndani bado imefungwa.

Amri ya Julai 2025

Mjadala huu ulipata moto mpya Julai 28, 2025, pale Tanzania ilipotangaza amri ya kuwazuia watu wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Amri hiyo, iliyotolewa na aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara wakati huo, Selemani Jafo, ilitaja biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ukarabati wa simu, uongozaji wa watalii, udalali wa nyumba na ardhi, usafi wa nyumba na ofisi, maduka ya vinyago na vitu vya ukumbusho, na ununuzi wa mazao shambani, miongoni mwa nyingine. Mgeni atakayekiuka alitishiwa faini isiyopungua Sh10 milioni za Tanzania, kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia wa Tanzania atakayemsaidia naye aliwekewa faini ya Sh5 milioni au kifungo cha miezi mitatu.

Serikali ya Kenya ililalamika mara moja. Waziri wa Biashara, Lee Kinyanjui, alisema hatua hiyo ilikiuka itifaki ya soko la pamoja na kuwataka majirani wairejelee. Mawaziri wa nchi hizo mbili walikutana baadaye kulijadili suala hilo pamoja na vikwazo vingine vya biashara.

Kwa mwenye ndoto ya hoteli, kuna mambo mawili ya kuzingatia katika amri hiyo. La kwanza ni kwamba hoteli haikutajwa. Amri ilihusu leseni za Tanzania Bara, na Zanzibar ina mamlaka yake ya leseni za biashara. Kwa hivyo si kweli, kama ilivyovumishwa na baadhi ya watu, kwamba Mkenya amekatazwa kuendesha hoteli Unguja.

La pili, hata hivyo, ni zito zaidi. Hoteli ndogo haiishi kwa kulaza watu tu. Huishi kwa kumpeleka mgeni kuona pomboo, kumwongoza mjini, kumuuzia kikoi na kinyago, na kumtafutia jirani nyumba ya kukodi. Hizo ndizo shilingi ndogondogo zinazoliokoa jengo katika miezi isiyo na wageni. Ni shughuli hizo hizo za pembeni zilizofungwa kwa upande wa Bara. Mwenye hoteli kubwa anaweza kuajiri raia au kuingia mkataba na kampuni ya wenyeji kwa kila moja ya hizo. Mwenye vyumba vinane, ambaye hesabu yake ilitegemea afanye kila kitu yeye na mkewe, ndiye anayebanwa.

Aidha, amri iliyotolewa kwa siku moja huonyesha kwamba nyingine inaweza kufuata kwa siku moja. Mfanyabiashara anaweza kuvumilia sheria kali iwapo anaijua. Asichoweza kuvumilia ni sheria asiyojua itabadilika lini.

Jina la kuazima

Mambo yanapofika hapo, huzuka njia ya mkato. Mgeni humtafuta mwenyeji, akamwomba asajili ardhi au kampuni kwa jina lake, kisha wawili hao wakaandikiana karatasi ya siri inayosema kuwa fedha ni za mgeni. Mara nyingine mwenyeji huyo ni rafiki, mara nyingine ni mchumba, na mara nyingine ni dalali aliyekutana naye wiki iliyotangulia. Njia hii hutumika katika fuo nyingi duniani ambako mgeni hanunui ardhi, kuanzia Thailand hadi Bali nchini Indonesia, na kila mahali huwa na udhaifu ule ule.

Udhaifu wenyewe ni kwamba karatasi ya siri haina nguvu pale inapohitajika. Maadamu watu wanaelewana, haihitajiki. Wakikosana, au mwenyeji akifariki na warithi wake wakaja kudai mali ya marehemu, mgeni hujikuta mbele ya mahakama akieleza kwamba alishiriki kukwepa sheria ya nchi. Mahakama haiwezi kutarajiwa kumlinda mtu kwa mkataba ambao lengo lake lilikuwa kuizunguka sheria hiyo hiyo. Mwenyeji naye hayuko salama, kwani amri ya 2025 ilionyesha kuwa anayemfunika mgeni anaweza kuadhibiwa pia.

Hebu na tupime kinachobadilishwa. Katika Mwihoko, mwenye ploti ana hati miliki yenye jina lake. Anaweza kuipeleka benki, kuiuza, au kuwaachia watoto. Anapoiuza na kuweka fedha hizo katika hoteli iliyo kwa jina la mtu mwingine ng'ambo ya mpaka, anabadilisha hati kwa tumaini. Tumaini ni jina zuri la mtaa, lakini si dhamana ya kukubalika benki. Mtaka yote hukosa yote, na aliyeuza hati moja bila kupata nyingine amekosa zote mbili.

Hasara hiyo haimwangukii peke yake. Nyumba ya kupangisha katika mitaa hii ndiyo pensheni ya wengi ambao hawakuwahi kuajiriwa rasmi, ndiyo karo ya wajukuu, na mara nyingi imejengwa kwa mkopo wa chama cha akiba ambamo jamaa na marafiki walisimama wadhamini. Hoteli ikipotea Unguja, ni Ruiru ambako wadhamini huanza kukatwa akiba zao.

Kioo cha pwani ya Kenya

Kabla ya kuilaumu Tanzania, Mkenya anapaswa kujitazama katika kioo cha nyumbani. Pwani ya Kenya ina historia ndefu ya wageni walioacha miji ya Ulaya wakaja kufungua hoteli ndogo. Malindi na Watamu zilipata jamii kubwa ya Waitaliano, ambao kuja kwao kulichangiwa na kituo cha kurushia satelaiti cha San Marco kilichojengwa na Italia huko Ngomeni katika miaka ya 1960. Diani, katika Kaunti ya Kwale, iliwavutia Wajerumani na Waswisi.

Kenya haikuwaacha wageni hao wamiliki ardhi milele. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 65, inasema mtu asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi pekee, na kwa muda usiozidi miaka 99. Waliokuwa na umiliki usio na kikomo, au wa muda mrefu kuliko huo, walishushwa hadi miaka 99. Kampuni huhesabiwa kuwa raia iwapo tu inamilikiwa na raia mtupu. Na ardhi inayoshikiliwa na raia kwa niaba ya mwingine huhesabiwa kuwa ya raia iwapo tu wanaofaidika nayo wote ni raia. Katiba ya Kenya, basi, imeliziba tundu lile lile la jina la kuazima ambalo Wakenya wengine hulitafuta Unguja. Wala haimbagui Mwitaliano pekee, kwani Mtanzania anayetaka kiwanja Kilifi hukutana na kifungu hicho hicho. Isitoshe, Kenya humtaka mwekezaji wa kigeni anayeomba kibali cha daraja la G kuonyesha mtaji wa dola 100,000.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa bara hawapendi kulisikia. Wakazi wa Kwale, Kilifi na Lamu wamelalamika tangu uhuru kwamba viwanja vya mbele ya bahari viliishia mikononi mwa wageni na vigogo kutoka bara, huku wenyeji wakibaki maskwota katika ardhi ya mababu zao na njia za kufikia fuo zikizibwa kwa kuta za hoteli. Kilio hicho ndicho kinachoogopwa na Mzanzibari anapomwona mnunuzi kutoka Nairobi. Kisiwa cha Unguja chote kina takriban kilomita mraba 1,600, hivyo ni kidogo kuliko Kaunti ya Kiambu. Katika kijiji kama Paje, ufuo huo huo unaotakiwa na mwenye hoteli ndio ambao wanawake hupandia mwani na wavuvi huegeshea ngalawa. Ardhi ikishauzwa, hakuna nyingine itakayotoka baharini.

Kwa hivyo, hofu ya ardhi si choyo cha Watanzania dhidi ya Wakenya, bali ni hofu ya watu wa pwani nzima, pande zote za Lunga Lunga na Horohoro.

Bahari nayo ina hesabu yake

Hata pale sheria inapokubali, biashara yenyewe haina upole. Hoteli ya ufuoni hufuata misimu. Pepo za kaskazi zinapovuma, kuanzia Desemba hadi Februari, vyumba hujaa. Masika yanapoingia, Aprili na Mei, baadhi ya hoteli hufunga milango kabisa, ilhali mlinzi, chumvi inayokula mabati na kodi ya ardhi havipumziki. Mwenye nyumba ya kupangisha Mwihoko hupokea kodi kila mwezi. Mwenye hoteli hupaswa kuvuna katika miezi michache na kula mwaka mzima.

Umeme ni mfano mwingine. Unguja hutegemea umeme unaotoka Bara kupitia waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka wa 2008 waya huo ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 ukaharibika tena, na umeme haukurejea hadi Machi 2010. Hoteli kubwa ziliendesha jenereta. Ndogo zilihesabu lita za dizeli na kuona faida ya msimu ikiteketea. Waya mpya ulilazwa 2013 na hali imekuwa bora, lakini waliokuwapo hawajasahau.

Siasa nazo huvuka kizingiti cha hoteli kabla ya kuvuka cha nyumba nyingine yoyote. Pwani ya Kenya ililijua hilo baada ya shambulizi la hoteli ya Paradise, Kikambala, Novemba 2002, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, na tena baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mnamo 2014, wakati nchi za Magharibi zilipowaonya raia wao na hoteli kadhaa zikafungwa. Tanzania ililijua mwaka wa 2025. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 29 ulifuatwa na ghasia, marufuku ya kutoka nje usiku jijini Dar es Salaam, na kuzimwa kwa intaneti kwa siku kadhaa. Hoteli ndogo ambayo wageni wake wote huja kupitia tovuti za kuhifadhi vyumba, na ambayo hukatwa takriban asilimia 15 ya malipo kama ada ya tovuti hizo, haiwezi kumjibu mteja intaneti ikiwa imezimwa.

Kuna funzo la zamani zaidi. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka wa 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na miongoni mwa mali zilizokwama upande wa pili ni magari ya kampuni za utalii za Kenya yaliyokuwa yamewapeleka wageni mbugani. Mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Jumuiya ya sasa, iliyoanzishwa kwa mkataba wa Novemba 30, 1999, imedumu zaidi ya ile ya kwanza, na hakuna dalili kwamba historia hiyo itajirudia. Lakini gari lililokwama linaweza kuendeshwa nyumbani siku mpaka utakapofunguliwa. Hoteli haiendeshwi nyumbani.

Nini kifanyike

Wanaodai kwamba Tanzania ifungue soko la ardhi kwa Wakenya wanadai kile ambacho Kenya yenyewe imekikataza katika Katiba yake. Dai la aina hiyo halitafika mbali, wala halistahili kufika. Linalowezekana ni jambo la wastani zaidi, nalo ni kutengeneza njia halali kwa mwekezaji mdogo.

Kwa sasa, sheria za eneo hili zinamtambua raia wa kawaida na zinamtambua mwekezaji mkubwa wa kigeni. Mwana Afrika Mashariki mwenye mtaji wa kati, asiye raia wala tajiri, hana mlango wake. Matokeo yake ni kwamba hupenya dirishani kwa jina la kuazima. Kama nchi wanachama zingekubaliana kuweka kiwango cha chini cha mtaji kwa raia wa jumuiya, kilicho karibu zaidi na cha raia kuliko cha mgeni, na kumruhusu kukodi jengo au kiwanja kwa mkataba uliosajiliwa kwa miaka inayotosha kurejesha mtaji wake, kifungu cha 15 kisingehitaji kuguswa. Ardhi ingebaki ya wenyeji, na mpangaji angekuwa na karatasi inayosimama mahakamani. Kenya nayo ingelazimika kufungua njia kama hiyo kwa Mzanzibari anayetaka kufungua nyumba ya wageni Watamu au Lamu. Haki isiyotolewa kwa jirani haiwezi kudaiwa kutoka kwake.

Serikali ya Kenya, kwa upande wake, ina wajibu ambao hautegemei mazungumzo yoyote. Inaweza kuchapisha kwa Kiswahili rahisi, na kuisambaza katika kaunti, taarifa inayoeleza ni biashara zipi Mkenya anaruhusiwa kufanya katika kila nchi ya jumuiya, kibali gani kinahitajika na ardhi inapatikanaje. Raia anayeambiwa katika hotuba za viongozi kuwa Afrika Mashariki ni nyumbani anastahili kuambiwa pia ni vyumba vipi vya nyumba hiyo vimefungwa.

Kwa anayetaka kwenda leo, busara ni kuanza kwa kupanga badala ya kununua. Zipo nyumba za wageni ambazo wenyewe wanatafuta mtu wa kuziendesha kwa mkataba. Msimu mmoja wa masika ukiwa mwendeshaji, chini ya mwenye hati aliyesajili mkataba huo, humfunza mtu mengi kuliko miaka 10 ya kuota. Na katika muda huo, nyumba ya Mwihoko huendelea kuleta kodi kila mwisho wa mwezi, ikiwa bado kwa jina la mwenyewe.

Ndoto ya kuondoka mjini si ya kubezwa. Mtu aliyeamka saa kumi za usiku kwa miaka 30 ili kuwahi matatu ana haki ya kutamani kuamshwa na mawimbi. Lakini akiba mbovu isemwayo kuwa si haba ni ile iliyo mkononi mwa mwenyewe. Mpaka nchi za jumuiya zitakapoandika mkataba unaomtambua mwenye hoteli ya vyumba vinane, hati iliyofungiwa kabatini Mwihoko ndiyo inayopaswa kuwa kitu cha mwisho kuuzwa.